Mbuzi Kumi na Wawili na Mke wa Nahodha

Shemeji yangu, mume wa dada, ni nahodha wa mashua ya mizigo, na mji mzima wanamwita Bwana Fomu. Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Miaka ishirini na saba amepeleka saruji, mchele na mabati kwenye kisiwa kidogo ng'ambo, mwendo wa saa sita kwa tanga upepo ukikubali, na hajawahi kung'oa nanga bila karatasi yenye muhuri. Karatasi huzitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko huo ndani ya mfuko mwingine, kisha huivaa yote chini ya shati. Alipokuja kumposa dada alitaka mjomba atie sahihi kwamba amekubali. Mjomba alidhani anatania. Huyo mtu hajui kutania. Ukimchekesha anakuuliza umesema nini.

Ugonjwa ulipoingia na safari za visiwani zikafungwa, sisi wengine tulikonda. Yeye alinawiri. Dunia nzima sasa ilikuwa inaishi kama yeye. Kwenye ukuta wa ofisi ya bandari lilibandikwa tangazo: mizigo ruhusa, abiria marufuku. Alilisoma mara tatu, akalinakili kwenye daftari, kisha akakata fimbo ya mita mbili kamili ya kupimia nafasi kati ya mtu na mtu. Mashua yenyewe upana wake ni mita mbili na nusu. Yeye na baharia wake wakawa wanapishana kama kaa.

Sasa, binti yao, mtoto wao wa pekee, anaishi hicho kisiwa kidogo, na alikuwa amebakiza kama siku nane ajifungue. Mimba yake ya kwanza iliharibika akiwa peke yake chumbani, na tangu siku hiyo anaogopa. Mumewe, fundi bomba, alikuwa amekwama kisiwa cha tatu kwa tangazo hilohilo. Kila asubuhi binti alimpigia mama yake simu akauliza neno moja tu, "Utakuja?" Dada akawa hali chakula kikashuka.

Alimwomba mumewe jikoni kwao. Mimi nilikuwepo, nimewaletea nguo zao, maana kazi yangu ni kufua na kupiga pasi.

"Jumatatu unakwenda. Nichukue," dada akasema.

"Wewe ni abiria."

"Mimi ni mke wako."

"Kwenye tangazo hakuna mke. Kuna mzigo, kuna abiria."

"Na Jumatatu unabeba nini?"

"Mbuzi kumi na wawili wa muuza nyama."

Dada aliweka mwiko chini. Nikasema mimi, "Kwa hiyo, shemeji, mbuzi watafika kwa mwanao kabla ya mama yake."

"Mbuzi wana cheti," akasema, akaongeza mchuzi.

Niliondoka na kapu langu hadi kwa muuza nyama, maana nikiwa na hasira miguu yangu haichoki. Nilimkuta naye analalamika. Fomu ya mifugo ilitaka msindikizaji mmoja kwa kila mbuzi sita, na mchungaji wake hata maji ya ndoo yanamtia kizunguzungu.

"Andika dada yangu na mimi," nikamwambia.

"Mbuzi mnawajua?"

"Dada yangu ameishi na Bwana Fomu miaka ishirini na sita. Mbuzi hawamsumbui."

Tulijua kabisa kwamba ng'ambo watu huwekwa karantini siku kumi na nne kwenye madarasa ya shule. Dada alisema si kitu, akiwa kisiwa kimoja na mwanawe atamwita hata kupitia dirishani.

Jumatatu asubuhi Bwana Fomu alisimama gatini akisoma majina yetu. Akasoma tena. Akamtazama mkewe aliyeshika kamba za mbuzi sita, akarudi kwenye karatasi, akaichambua kama anatafuta chawa. Kosa hakuliona.

"Msindikizaji si abiria," akasema polepole. "Anahesabiwa na mzigo."

"Ahsante, mume wangu," dada akamjibu. "Tangu tuoane hujawahi kunisifia hivyo."

Akatupanga mbele na mbuzi, akapima kwa fimbo, akatweka tanga. Njiani nilitapika mara mbili, na mara zote mbili aliniuliza kwa mbali kama nina homa. Nikamwambia ninayo, nimeipata kwa kumtazama yeye.

Tulipofika, afisa wa bandari alikuja na kofia mpya, barakoa imening'inia kidevuni na muhuri mkononi. Nahodha na baharia hawakuruhusiwa kukanyaga nchi kavu, wakabaki chomboni. Afisa akaichukua fomu yetu, iliyoandikwa MIFUGO juu kwa herufi kubwa, akahesabu kwa kidole.

"Mbuzi kumi na wawili, wasindikizaji wawili. Jumla kumi na wanne. Karantini siku tatu, banda la nyuma ya ghala."

Akagonga muhuri. Dada alinibana mkono mpaka pete ikaniumiza. Siku tatu, si kumi na nne. Kilichobaki ilikuwa kila mtu afunge mdomo wake.

"Samahani, bwana afisa," ikatoka sauti chomboni. Bwana Fomu alikuwa ameinua fimbo yake kama mwanafunzi anayejua jibu. "Pana kosa. Wale wawili ni watu."

Dada aligeuka akamtazama. Mimi nimezaliwa nikamkuta dada duniani, na sijawahi kuyaona macho yale.

"Kosa liko wapi?" afisa akauliza.

"Watu ni siku kumi na nne."

"Hii fomu ya nini?"

"Ya mifugo."

"Walioandikwa fomu ya mifugo wanapelekwa wapi?"

"Bandani. Lakini..."

"Nimeshagonga muhuri, nahodha. Unataka niufute?"

Bwana Fomu alirudi nyuma hatua nzima, kama mtu aliyeambiwa avue suruali gatini.

"Hapana," akasema. "Muhuri haufutwi."

Basi tukalala bandani na mbuzi siku tatu. Kila asubuhi muuguzi alikuja kutupima joto, mbuzi kwanza, sisi baadaye, kwa mpangilio wa fomu. Nilinuka nisivyowahi kunuka maishani, mimi ninayefua nguo za mji mzima. Siku ya nne tuliachiwa tukaoga. Siku ya sita binti alijifungua mtoto wa kike, salama, ameushika mkono wa mama yake tangu uchungu ulipoanza mpaka ulipokwisha.

Jumatatu iliyofuata mashua ilirudi na saruji. Dada akambeba mtoto hadi ukingoni mwa gati.

"Haya, mtazame mjukuu wako."

Bwana Fomu alipima kwanza. Fimbo ikagusa gati na kipande kikabaki, akasogea nyuma kidogo, akapima tena. Ndipo akatazama, na alitazama muda mrefu, baharia akawa anamwita bila kuitikiwa.

"Ana cheti?" akauliza.

"Cha nini tena?"

"Cha kuzaliwa."

"Ana siku mbili, baba wewe."

"Basi msichelewe kukichukua."

Nilikuwa nimeshamwandalia neno ambalo angekwenda nalo kaburini. Kabla sijalitoa, akaingiza mkono chini ya shati, akatoa mfuko wa plastiki, mpya, mtupu, umekunjwa vizuri. Akaufunga kwenye ncha ya fimbo akamnyooshea mkewe.

"Wa kuwekea," akasema.

Dada akaupokea, akaufutia machozi, ingawa plastiki haifuti kitu. Ulikuwa mfuko mmoja tu. Wa pili, wa kuvisha juu ya huo, alisema ataleta safari ijayo.