Tone la Mwenye Hema

Jirani yetu wa nyuma, mama fundi cherehani, ana hema la turubai lililochongoka kama pia iliyopinduliwa, na analitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Likinyeshewa halikunji mpaka likauke kabisa, kisha huingiza pua kwenye kila mshono kutafuta ukungu, kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Ukiingia na jiko la mkaa, atalitoa nje na wewe nyuma yake. "Hewa ya mkaa haina adabu," husema. "Inakulaza, halafu haikuamshi." Na mvua ikinyesha, ole wako ukigusa turubai kwa ndani. Palipoguswa huvuja, na aliyegusa hukaa chini ya tone lake.

Shida ni kwamba hajui kusimulia bila mikono. Jumamosi tulijibana humo, mvua inapiga, naye anatueleza alivyoshona koti la bwana harusi akakosea, mkono wa kulia akauweka kushoto. Alipofika kwenye mkono, akanyoosha wake, kiganja kikapiga turubai. Tone la kwanza likamwangukia shingoni. Hakusogea. Aliikalia mikono yake yote miwili, akaendelea.

"Basi bwana harusi akavaa, aka..." Akakwama. Akatutazama. "Aka..."

"Wifi," mke wa kaka yake akamwambia, "toa mikono. Afadhali tulowe."

Akaitoa. Mpaka bwana harusi anaingia ukumbini, hema lilikuwa linavuja kila upande, na kila mmoja wetu amekinga kikombe.