Desemba ya Matangazo ya Vifo

Kwetu mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la mama wa baba yake, na jina hilo si la kuandikwa tu kwenye cheti cha kuzaliwa. Msichana anakuwa ndiye nyanya mwenyewe, amerudi mdogo. Mama mkwe wangu alizoea kuniita "mama," mimi niliyetoshana umri na bintiye, eti kwa sababu nilimzaa. Mtoto kama huyo akivunja sahani unameza mate kwanza, kisha unamgombeza kwa jina la ubatizo, au unasema tu "wewe." Jina lile lenyewe hulitupii matusi. Kila mwanamke aliyeolewa Mutuini, kijiji cha mume wangu, anajua hivyo, na mimi nilijua vizuri sana, ila nina mdomo. Mume wangu husema mdomo wangu hutangulia kufika popote niendapo.

Ilikuwa Novemba, miaka michache baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi. Shule zilifurika. Binti yangu alikuwa darasa la nne, hapo mtaa wa Satellite tulikokuwa tumepanga, watoto watatu watatu kwenye dawati la wawili, na mwalimu wao, maskini, sauti ilikuwa imemkauka. Siku ya kufunga shule akaniita kando, ripoti fomu mkononi.

"Mama, huyu hasomi," akaniambia. "Anakariri. Wenzake wakisoma kwa sauti anashika yote, kisha akisimama anayamwaga kama kaseti. Leo nimempa ukurasa ambao hawajausoma darasani, akaninyamazia."

"Na mbona hukuniambia mapema?"

"Nimejua leo." Akavua miwani, akajipangusa uso. "Tukifungua Januari nitampa kitu kigeni asome mbele yangu. Akishindwa, atarudia la nne."

Kurudia! Nilitoka pale masikio yakiniwaka. Mimi ni fundi wa nguo, na wakati ule nilishonea duka moja la yunifomu katikati ya mji. Novemba na Desemba ndiyo miezi yetu ya kufa na kupona, maana kila mzazi anataka rinda na kaptula kabla ya Januari. Ningemfundisha saa ngapi? Baba yake alikuwa dereva wa lori, tukimwona mwisho wa mwezi. Nilifika nyumbani, nikatupa mkoba kwenye kiti, na hasira ikanipanda.

Nilimwita kwa jina lile. Jina lote, kwa sauti ya kusikika hadi ploti ya pili. Nikasema ni mjinga, ni mwongo, kichwa kimejaa uji, na ati amenifanya nionekane kituko mbele ya watu. Mtoto hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama mlango. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini na kikapu cha nduma za kuchemsha.

"Nimesikia nikiitwa," akasema.

Haki ya Mungu, ningepata shimo ningeingia. "Mama, si wewe," nikaanza, "ni huyu."

"Huyu nani?"

Aliweka kikapu mezani, akaketi, akanywa chai niliyompikia bila kuniangalia. Akauliza shida ni nini, nikamweleza yote. Kisha akamwambia mtoto akusanye nguo zake.

"Nitakaa na mjinga mwenzangu mpaka shule zifunguliwe," akasema, na wakaenda zao Mutuini.

Hasira hasara, jamani. Wiki mbili nilikanyaga cherehani nikiwaza hilo tu. Mtoto akirudia la nne, mama mkwe pia atakuwa amerudia la nne, na mwaka mzima kila akimwona mjukuu wake na vitabu vilevile atayasikia maneno yangu. Nilikuwa nikishona kola naikuta upande usio wake, nafumua, naanza upya.

Jumapili ya tatu nikafunga safari ya Mutuini, nimebeba sukari, mkate, na kitabu kipya cha kusoma cha darasa la nne. Kando ya shamba nikamwona binti yangu, panga mkononi, akikata nyasi za ng'ombe, gamubuti za nyanyake, shosho kama anavyomwita, zikimfika magotini. Damu ikanichemka. Yaani mtoto ameshindwa kusoma, halafu anafanywa kibarua! Lakini nilikuwa nimeapa mdomo wangu ubaki Satellite, basi nikasalimia kwa adabu.

Kitabu changu mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka juu ya kabati.

"Hiki kesho kutwa ataniimbia chote," akasema. "Mama, keti uone."

Akavuta kutoka chini ya kochi rundo la magazeti ya zamani, yale ya kufungia nyama, aliyopewa na mwenye buchari. Akachagua moja, akalifunua mpaka kwenye matangazo ya vifo, zile picha ndogondogo za marehemu na majina ya ndugu zao chini yake. Binti yangu alinawa mikono, akaja, akaweka kidole kwenye jina la kwanza bila kuambiwa.

Nikashindwa kujizuia. "Mama! Unamsomesha matanga?"

"Wewe shona, niachie na mimi yangu," akanijibu. "Soma, mwenzangu."

Na mtoto akasoma. Polepole, akijikwaa, akirudi nyuma. Mzee fulani wa Murang'a, mwana wa fulani, shemeji wa fulani, babu wa fulani na fulani. Akikutana na jina la Kiluhya au la Kijaluo lenye urefu wa reli, alilikata vipande, akaliunga tena, akalijaribu mdomoni mara mbili. Mama mkwe alikuwa anahesabu ndugu kwa vidole. "Umesema ana wake wangapi? Na huyo wa mwisho ni mtoto wa nani? Ebu rudi, umemruka mtu."

Hapo nikaelewa. Binti yangu alikuwa hodari wa kubahatisha. Ukimpa hadithi ya sungura atajua fisi anakuja nyuma yake, ataisema yote na macho yamefumbwa. Lakini jina la mtu usiyemjua utalibahatishaje? Lazima ulitazame herufi kwa herufi. Na mama mkwe, ambaye hakuna kamati ya mazishi pale kijijini aliyokosa kukalia, hadanganyiki kuhusu ukoo wa mtu. Nilikaa kwenye kile kiti nikajiona mdogo sana.

"Mama, kuna nyanya mmoja hapa," binti yangu akaniambia, uso umemchangamka, "ana wajukuu kumi na wanne na wawili wana jina lake. Shosho anasema huyo hajaenda, amezidi kuwa wengi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama mkwe pia alicheka, ingawa hakunitazama bado. Wakati wa kuondoka mtoto akaniuliza nyanya yake aliyenizaa mimi alizaliwa na nani, na huyo naye alizaliwa na nani. La pili sikulijua. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nikampigia mama yangu simu kumuuliza, mama niliyekuwa sijamjulia hali tangu Agosti, na tukaongea mpaka kadi ya simu ikaisha.

Januari ikafika. Mwalimu alitukaribisha ofisini, akafungua droo, akapekua, akatoa waraka wa ofisi ya elimu kuhusu usafi wa vyoo.

"Haya, nisomee huu."

Binti yangu akaweka kidole. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Akafika kwenye neno "maambukizi," akanyamaza. Nikajifinya mkono chini ya leso. Usikisie, mwanangu, usikisie. Akalikata: ma, a, mbu, ki, zi. Akalisema lote, akaendelea. Mwalimu alimwambia basi inatosha, lakini hakumsikia. Alisoma mpaka jina la aliyetia sahihi, cheo chake, na wale wote waliotumiwa nakala, asimruke mtu.

"Nani amekufundisha?" mwalimu akauliza.

"Shosho."

"Ni mwalimu?"

"Hapana. Ana ng'ombe."

Mwalimu akacheka, akaandika kwenye fomu: darasa la tano. Nilihisi kama nimetua gunia la viazi. Nilitoka nikasimama verandani nikalia wazi, wazazi wengine wananitazama, na sikujali hata kidogo.

Mama mkwe alikuwa getini. Alikuwa ametoka Mutuini asubuhi na mapema, amevaa nguo zake za kanisani, lakini alikuwa amekataa kuingia hata tulipombembeleza. Nikamkimbilia.

"Mama, ameingia la tano! Na yale maneno yangu ya siku ile, mama, unisamehe, nilikosa..."

Akaninyamazisha kwa mkono. "La tano?"

"La tano."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akashika nguzo ya geti, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba, akanitazama machoni.

"Mimi nilitolewa la nne," akasema. "Siku ya kufungua shule, kama leo. Baba alisema kuna mbuzi wa kuchungwa. Hili jina halijawahi kuingia la tano, mama."

Miaka kumi na miwili nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile, na sikuwa najua. Nilitafuta la kusema, na mdomo wangu, huu mdomo wote, ukakosa neno. Binti yangu ndiye aliyemshika nyanyake mkono.

"Twende nikuonyeshe."

Safari hii hakukataa. Tulivuka uwanja watatu sisi. Darasa la tano lilikuwa bado halina mtu. Mama mkwe alisimama mlangoni, akavua viatu, tukamwambia havivuliwi, akavivaa tena. Akaenda mpaka dawati la mbele, akalipapasa kwa kiganja, akamuuliza mtoto kama anaweza kukaa kidogo.

"Kaa, shosho," binti yangu akasema, akamsogezea nafasi. "Ni letu."