Ndege wa Harusini

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka ni ya debe tupu likigongwa kwa kijiti. Kwetu Wang'uru, kwenye mashamba ya Mwea, mpunga ulipokaribia kukomaa, sisi watoto tulishinda mashambani tukifukuza ndege, kwa kuwa kilicholiwa nao tungekikosa jikoni. Nilikuwa na miaka minane, uhuru ukiwa bado mpya, baba alipopelekwa kusini mwa Uingereza kusomea umwagiliaji. Mama nami tulimfuata. Chuo kilikuwa na kitanda cha baba peke yake, na wenye nyumba wawili walikuwa wametukataa. Alibaki mjane mmoja wa kijijini, aliyetuandikia tumkute kanisani, ingawa siku hiyo alikuwa akimwoza mjukuu wake. Naye akikataa, mama nami tungerudi Kenya.

"Ciru, leo usiguse kitu," baba alinionya tukishuka kwenye basi.

Kanisa lilikuwa la mawe, lenye harufu ya nta na nyasi mbichi zilizokatwa. Nilikaa kimya, mikono magotini, mpaka ibada ikaisha. Kisha maarusi wakatoka nje, na watu wazima wenye kofia nzuri wakaanza kuwarushia mchele, kama ilivyo desturi yao. Mchele mweupe, uliokwisha kukobolewa! Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Njiwa wakashuka kutoka paani, nami sikufikiri tena. Nilikimbia katikati ya wageni nikipiga makofi: "Haa! Haa! Tokeni!" Njiwa wakaruka, kofia ya mtu ikaanguka, na wageni wote wakageuka kunitazama.

Mjane akaja akiegemea mkongojo. "Huyu mtoto ana nini?"

"Nyumbani tunalima mpunga," baba alisema kwa Kiingereza. "Hiyo ndiyo kazi yake."

"Mwambie ati ndege hawajui harusi," mama akasema kwa Kikuyu.

Baba alisita, kisha akatafsiri. Mjane alicheka mpaka akaketi juu ya ukuta mfupi wa uwanja. "Nyuma ya nyumba nina miti ya matunda, na ndege hunimalizia yote," alisema. "Mizigo yenu iko wapi?"

Tulikaa kwake mpaka baba akamaliza masomo.

Siku hizi, harusini huku Ruring'u ninakoishi, vijana hurusha vipande vya karatasi za rangi. Ndege hushuka, hudonoa, huondoka na njaa yao. Kwa hiyo mimi huja na konzi ya mchele wa Mwea mkobani, na kuimwaga nyuma ya kanisa watu wakipiga picha. Zamani tuliwafukuza kwa sababu hatukuwa na mchele wa kugawa.