Dijei wa Banda la Kiamaiko

Jumapili iliyopita nilifanya ujinga ambao hata mtoto wa nasari angeniuliza kama niko sawa. Nilimpelekea kaka yangu mgonjwa sinema kwenye simu, nikidhani ni dawa. Kiharusi kilimnyang'anya maneno mwaka jana, nami nilijiambia kwamba akimwona tena yule muuaji wa kukodiwa wa sinema yetu ya utotoni, ulimi utafunguka. Usinicheke bado.

Unayakumbuka mabanda ya video ya Eastlands, yale ya mabati, yenye mabenchi na gunia dirishani? La kwetu lilikuwa Kiamaiko, mbuzi wakilia nje na harufu ya mutura, ule utumbo uliojazwa damu na nyama, ikiingia bila kulipa. Mama akinituma maji, naacha jerikani kwenye foleni nakimbilia huko, kwa sababu dijei alikuwa kaka. Siku za kazi alibeba magunia kiwandani Baba Dogo. Wikendi alishika maikrofoni na kututafsiria Kizungu ambacho yeye mwenyewe hakukijua.

Sinema yenyewe ilikuwa mbovu, jamani. Muuaji alifyatua risasi hamsini kwa bastola moja bila kuijaza. Gari lake lilianguka bondeni, mara hilo barabarani, zima kabisa. Kaka hakubabaika: alisema limepitia gereji ya mjomba. Masharubu ya muuaji yalipopotea katikati ya mapigano, alisema yamenyolewa na risasi. Tulicheka hadi benchi likaanguka. Na mwishoni, muuaji alipomlenga mzee ambaye yeye muuaji alikuwa amelipwa amuue, kaka alituapia kwamba hao wamepatana, mzee anajifanya tu amekufa, jioni watakula ugali pamoja. Tukapiga makofi. Nilipofika kidato cha pili ndipo nikaelewa Kizungu chao: mzee alikufa kweli. Sikumwambia kaka kamwe. Hadithi yake ilikuwa bora.

Basi Jumapili nikang'oka kochini, jambo ambalo kwangu ni safari, nikaketi kando ya kitanda chake. Nikazima sauti ya simu ili apate nafasi. Nikamwambia haya dijei, kazi kwako. Gari likaanguka. Midomo ya kaka ikatetemeka, ikatoka pumzi tu. Nikarudisha nyuma. Gari likaanguka tena. Mara ya nne machozi yakamtoka, nami, bingwa wa akili, nikayaona kuwa dalili njema.

Banda lilibomolewa zamani, pamesimama ghorofa. Hilo nimelizoea. Ila hakuna kanda iliyowahi kunasa sauti yake, na ule mwisho wa ugali nimebaki nao peke yangu. Nikiusimulia mimi, unakuwa uongo mtupu.

Jirani yake, mama muuza viazi karai anayemtunza mchana, akaingia na beseni. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akainua ncha ya blanketi.

"Weka hiyo simu chini unishikie miguu. Ndugu yako amelowa, na hiyo ndiyo kitu anajaribu kukwambia tangu ukuje."