Taji Lenye Tundu

Shangazi yangu alikuwa malkia wa Msambweni miaka saba kabla Waingereza hawajampata malkia wao. Siku za kawaida alikuwa mshona makuti. Hakuwa na mume wala mtoto, na kwenye harusi za watu aliwekwa uani kukuna nazi, akaitwa kula wakati sufuria imebaki ukoko. Lakini zumari la lelemama lilipolia, mambo yaligeuka. Akiingia yeye, wanawake wote walisimama: hata mke wa mwenye duka, hata jirani aliyemwazima chumvi leo na kumsimanga kesho.

Kwa kuwa wengi wenu hamkuiona lelemama ya siku zile, nieleze polepole. Ilikuwa ngoma ya wanawake. Tulijipanga safu moja, leso za namna moja, tukapeleka mikono huku na huku bila haraka, upatu ukilia nyuma yetu. Hiyo ilikuwa nusu ya ngoma. Nusu ya pili ilikuwa serikali. Kila kundi lilikuwa na malkia, gavana, jaji, daktari na polisi. Daktari wetu alikuwa muuza mafuta ya nazi. Jaji wetu alikuwa mama aliyegombana na majirani wa pande zote nne, kwa hiyo tulimwona ana uzoefu wa kesi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa juzi juzi, na kwa kuwa nilisoma hadi darasa la nne nikafanywa karani. Nilitunza daftari la sheria.

Msidhani kuna Mzungu aliyekuja kutufundisha hayo. Babu zetu na baba zetu waliokwenda vitani walirudi na gwaride, wakaligeuza kuwa ngoma, wakapeana vyeo vya kijeshi. Mama zetu wakatazama, wakaona hakuna sababu vyeo vyote vikae barazani kwa wanaume. Ndivyo dola inavyoingia nyumbani kwa mtu. Askari wake hubaki njiani, lakini picha zake hupita mlangoni: kwenye stempu, kwenye kopo la chai, kwenye kitufe cha koti. Nasi tulipokea kama tunavyopokea samaki sokoni. Tulipekua, tukachagua, tukapika kwa nazi yetu.

Taji ndilo lililotutoa jasho. Malkia bila taji ni mama tu aliyekalia kiti, na hakuna katika sisi aliyewahi kuliona taji, isipokuwa kwenye senti kumi. Senti kumi ya siku zile ilikuwa na pembe za ndovu upande mmoja, na upande wa pili taji dogo kama ukucha. Katikati palikuwa na tundu, ili mtu aweze kuzitunga pesa zake kwenye uzi. Nikaichukua senti, nikakaa nayo kizingitini penye mwanga, nikachora kwenye karatasi kubwa kila nilichokiona. Nilichora vizuri. Nilichora mno.

Karatasi ile nilimpelekea fundi wa mabati aliyekuwa akitengeneza vibatari. Bati alitoa shangazi mwenyewe. Wageni wa Diani walipomaliza likizo zao, yeye na wenzake walikuwa wakienda kufua mapazia na mashuka ya nyumba zile, na safari moja alirudi na mkebe mkubwa wa biskuti uliotupwa. Nje mkebe ulikuwa na picha ya mfalme wa wakati ule, na ndani uling'aa kama dhahabu. Fundi, mtu mwenye busara, akaugeuza. Dhahabu ikatoka nje, mfalme akabaki ndani, pua yake ikielekea nywele za shangazi.

Na mbele, penye kipaji cha uso, palikuwa na tundu la mviringo, kubwa kama yai.

"Fundi, tundu hili la nini?" nikamwuliza.

"Waniuliza mimi? Si umelichora wewe?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Shangazi akalivaa, akajitazama kwenye kioo, kipaji chake kikimeremeta mle tunduni kwa mafuta. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia.

"Linapitisha hewa," akasema. "Wazungu wana akili, jamani."

Wenzetu wa Bodo, kundi la mji wa jirani, ambao malkia wao alivaa taji la boksi lililobandikwa karatasi za sigara, walicheka wakalia. Walitutungia hata wimbo kwamba malkia wetu ameguguniwa taji na panya. Msimu wa pili walinyamaza. Msimu wa tatu nilimwona gavana wao akimzunguka shangazi, akilipima tundu lile kwa jicho.

Katika daftari langu mlikuwa na sheria nyingi, ila mbili tu ndizo za kisa hiki, na Bodo nao walizifuata. Ya kwanza: malkia akivua taji mbele ya watu, kiti amekiacha. Ya pili: malkia mpya akitawazwa, lazima aende kumsalimu malkia wa kundi jingine aliyemtangulia kutawazwa, na ampe sinia la vitu vitamu kwa mikono yake mwenyewe. Wa Bodo alikuja na lake, ingawa halua yake ilikuwa ya juzi.

Basi ukafika mwaka wa kutawazwa malkia mpya wa Uingereza. Tukaambiwa kutakuwa na sherehe asubuhi katika uwanja wa mbele ya ofisi ya mudiri, mtawala wa mji wetu, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, atateremka kutoka Kwale pamoja na mkewe. Siku chache kabla ya sherehe, karani wa mudiri akaja kwa shangazi, nami nikiwepo. Alikuwa mtoto wa mtaa wetu, na shangazi alikuwa amemwogesha utotoni, jambo ambalo hakumwacha alisahau.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mamako hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Shangazi, nimetumwa."

"Na nani?"

"Na serikali."

"Keti basi. Na hiyo serikali nayo iketi, mkeka ni mpana."

Karani akaketi, akafuta jasho. "Makundi yote mawili yatacheza, la Msambweni na la Bodo. Lakini mataji, hapana. Picha ya malkia itawekwa juu ya kiti, na haifai wawe malkia wawili uwanja mmoja."

"Huyo wenu katawazwa lini?"

"Ndiyo kwanza anatawazwa."

"Nami nina miaka saba kitini. Hapo mwali ni nani?"

"Shangazi, huyo ni malkia wa dola nzima!"

"Sijakataa. Mwenyezi Mungu amzidishie. Na sinia lake liko wapi?"

"Sinia gani tena?"

"La kuja kunisalimu."

Karani akanigeukia. "Dada yangu, hebu mfahamishe."

"Wewe karani wa upande wako," nikamjibu, "mimi karani wa upande huu."

Hapo akakunja uso. Akasema amri imetoka juu: kundi litakaloingia na taji litatolewa uwanjani na askari, na ruhusa ya ngoma haitapatikana tena.  Mikono ya shangazi ikaendelea kupitisha kamba katika makuti, kuti moja, la pili, la tatu.

"Nikilivua, mwanangu," akasema taratibu, "nitarudi kukuna nazi."

Karani akainamisha kichwa. Alijua. Alikuwa amekula wali wa harusi nyingi zilizoungwa kwa nazi ile.

Nikafungua daftari langu, ingawa sheria zile nilizijua kwa moyo. "Amri yenu yasema taji lisionekane. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Sheria yetu yasema lisivuliwe. Basi litafunikwa leso."

Karani akasimama. "Mradi nisilione," akasema, akaondoka kabla hatujambadilisha mawazo.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Bendera zilikuwa mbili, ya Waingereza na ile nyekundu ya Sultani, maana pwani yetu ilikuwa na wakubwa wawili. Kati ya bendera paliwekwa kiti chenye kitambaa cheupe, na juu ya kiti picha ya malkia mpya, kijana, mzuri, taji kichwani. Kabla ya ngoma kuanza wanawake wote wa Msambweni walikuwa wameshapita mbele ya kiti kile kukagua.

"Mbona lake halina tundu?" aliuliza daktari wetu.

"Bado mwali," akahukumu jaji.

Malkia wa Bodo aliingia kichwa wazi, na leso tu mabegani. Alikuwa amelivua taji lake asubuhi ile mbele ya kundi lake zima, kwa kumwogopa karani. Wanawake wake walimfuata macho chini. Gavana wake alitembea hatua moja mbele yake, naye hakumrudisha. Niliwacheka Wabodo miaka yote, lakini siku ile sikucheka.

Shangazi yangu akaingia nyuma yao na leso imepanda kichwani kama amebeba chungu cha wali. Gavana wa Bodo hakuweza kujizuia.

"Mama wa Msambweni, umeficha nazi humo?"

"Nimeficha cheo. Chenu mmekiweka wapi?"

Tulicheza vizuri. Shangazi alikaa kwenye kiti chake cha miguu mifupi, shingo imenyooka, kwani ule mzigo haukuruhusu shingo kufanya lingine. Ngoma ilipotua, memsahibu, mke wa Bwana Shauri, akachukua sinia la biskuti zilizoandaliwa kwa wageni, akaanza kupita nalo uwanjani. Alikuwa mgeni wa nchi, mwenye uso mwema, na hakujua kukaa mbali. Alipofika mbele yetu macho yake yakatua kwenye lile tuta la leso. Akamwuliza karani jambo.

Kizungu changu kilikuwa cha darasa la nne, lakini katika jibu la karani nilitambua maneno mawili: kichwa, na ugonjwa.

Masikini karani. Angesema nini? Alitaka memsahibu apite. Lakini mtu mwenye huruma ukimwambia kuna mgonjwa hapiti, husimama. Uso wa memsahibu ukajaa simanzi. Akalitazama tuta lile, akaona jinsi shangazi alivyokaza shingo, akaamua kwamba biskuti moja haimtoshi mtu mwenye uvimbe mkubwa namna ile. Akainama, akampa sinia zima, kwa mikono yake miwili.

Kundi letu lote likashusha pumzi mara moja. Nikaitazama ile picha kwenye kiti, nikaitazama mikono ya memsahibu, nikalitazama sinia.

"Jambo, mama," memsahibu akasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu shangazi.

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilifika Bodo kabla ya Wabodo wenyewe. Na kwa kuwa malkia akipokea sinia hapaswi kupokea kwa kujificha, shangazi akaliweka pajani, akainua mkono, akaivuta leso. Mkebe ule ukalipokea jua la saa nne, ukawaka. Wabodo walisimama. Sikuwaambia wasimame, wala hakuna aliyewaambia.

Bwana Shauri alikuwa amegeuka rangi ya ile bendera nyekundu. Akalitazama taji, akaitazama picha, akazitazama biskuti. Lakini angefanya nini? Angemwendea mama mtu mzima, mbele ya bendera mbili, amnyang'anye alichopewa na mke wake? Akapiga makofi, kwanza mara moja moja, kisha kama mtu aliyekusudia tangu mwanzo. Mudiri alipoona hivyo, naye akapiga.

Memsahibu aliinama akachungulia lile tundu, akakutana na kipaji cha shangazi, akaziba mdomo kwa kiganja akicheka. Halafu akamgeukia karani, ambaye wakati huo alikuwa anatazama mawingu. Mimi nilikuwa naomba dua nyingine kabisa: asiombe kulivaa, maana angemkuta mfalme wao humo ndani, amepigiliwa misumari miwili mashavuni. Hakuomba. Juma lililofuata tarishi alileta kifurushi kidogo kutoka Kwale. Kilikuwa na vidonge vya kichwa, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la karani.

Ruhusa yetu ya ngoma haikuondolewa. Nikaandika katika daftari kwamba malkia wa Uingereza amemsalimu malkia wa Msambweni kwa sinia, kupitia mjumbe wake, na kwamba salamu imepokewa. Msimu uliofuata Wabodo walikuja na malkia mpya. Taji lake lilikuwa la bati, na mbele lilikuwa na tundu. Na kwenye harusi ya kwanza baada ya sherehe ile, mwenye shughuli alitoka mwenyewe hadi uani, akaichukua mbuzi ya kukunia nazi kutoka mbele ya shangazi, akamshika mkono akamwingiza ndani.

Miaka michache baadaye senti mpya zikaanza kufika madukani. Nikamletea shangazi moja ya senti kumi, akaniomba nimsomee maandishi yake. Nikamsomea jina la yule malkia. Akaichukua, akaigeuza, akazitazama pembe za ndovu, akalitazama taji. Kisha akaiinua mbele ya jicho, akanichungulia kupitia katikati yake.

"Limetobolewa," akasema kwa kuridhika. "Haya. Sasa naye amekuwa mtu mzima."

Akaifunga kwenye pindo la leso, akarudi kwenye makuti yake.