Kasuku Aliyehamia kwa Mwenzangu

Ulikuwa mwaka ule tuliokula magimbi mpaka watoto wakaanza kuyakimbia. Mahindi yalikuwepo, tena mengi, lakini malori ya Tunduma yaliyafuata shambani kabla hayajakauka vizuri, yakavuka nayo mpaka, na sisi tuliolima tukabaki na magimbi asubuhi, magimbi na maharage mchana, na ugali mweusi kwa yule aliyebahatika kuwa na ulezi. Waliokwenda Tunduma walirudi na chikanda, ile ya mizizi na karanga wanayoipika wenzetu wa ng'ambo, ikakatwa vipande kama mche wa sabuni, kila mtu kipande chake. Ukimuuliza mtu wa kwetu Iyula mwaka huo ulikuwa upi, hatakutajia tarakimu. Atakwambia ni mwaka wa magimbi. Mimi niliishia darasa la tatu, tarakimu naziandika kwa shida, lakini magimbi nayakumbuka.

Mwaka huo ndipo nilipompata kasuku. Si yule mkubwa wa kijivu anayesema kama mtu. Huyu alikuwa wa aina yetu ya huku, mdogo, mgongo wa kahawia, tumbo la kijani, na begani ana manjano kama mtu aliyeegemea ukuta wenye rangi mbichi. Ni wezi wa mahindi na alizeti, tumewafukuza kwa madebe tangu tukiwa wasichana. Jirani alikata mti mkavu apate kuni, na ndani ya shina mkatoka kinda mmoja mwenye manyoya mawili matatu na mdomo uliomzidi kichwa. Jirani akataka kumpa paka wake. Nikamwambia lete hapa, huyo paka wako hajafanya kazi ya kulipwa nyama.

Nilimlea kwa uji wa ulezi, vuguvugu, kwa ncha ya kijiko. Nilimbeba kifuani ndani ya kitenge, nikaenda naye kuchuma kahawa. Kanisani nilikwenda naye mara moja tu, akachafua kitabu cha nyimbo cha mama mmoja wa kwaya. Nimezaa watoto saba, nina wajukuu kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyenishinda kulea. Ndege angenishinda? Akaota manyoya, akajua kuruka, akaijua sauti yangu. Maneno hakuyajua, alipiga mluzi na kufoka tu, lakini nikiita alikuja begani na kuanza kunitafuna hereni.

Sasa lazima niseme habari za uwanja wetu. Uwanja ni mmoja, nyumba ni mbili. Ya kwanza ni yangu, mke mkubwa. Ya pili, hatua ishirini kuvuka uwanja, ni ya mwenzangu, mke mdogo, aliyeolewa mimi nikiwa na mimba ya mtoto wa nne. Mume wetu alishatutangulia. Watu hufikiri mume akifa, wivu unazikwa naye. Hao hawajaishi ukewenza. Jeneza lilishuka, wivu ukabaki juu, ukakaa uwanjani unaota jua pamoja nasi.

Hatukugombana. Tuliazimana kinu, tuliazimana chumvi. Yeye ananiita dada, mimi namwita mdogo, ingawa sote wawili meno yetu sasa ni ya kuhesabu. Mimi nikizungumza nasikika mpaka barabarani. Yeye ni mtu wa kimya. Hata akicheka anacheka tumboni, unaona mabega tu yanatikisika. Anakaa mlangoni kwake mchana kutwa anafuma vitambaa vya makochi, na hachoki, na hainuki.

Basi siku moja niliita, kasuku hakuja. Nikaita tena. Nikamwona ng'ambo ya uwanja, amekaa juu ya goti la mwenzangu, anavuta uzi wa kufumia, naye anamkuna shingo kwa sindano yake. Shingo ile! Mimi nikiigusa shingo ile nilikuwa nang'atwa.

"Mdogo, umemlisha nini huyo?"

"Sijamlisha kitu, dada. Amekuja tu."

"Amekuja tu. Kwako wote huja tu."

Mabega yakatikisika.

Nikasema moyoni ni alizeti. Alizeti yake ilikuwa imeanikwa pale mlangoni, ndege ni tumbo. Kesho yake nikamwaga alizeti yangu mbele ya mlango wangu, ungo mzima. Kasuku akaja, akala, akashiba, akajipangusa mdomo kwenye kigoda changu, halafu akaruka kwenda kupumzika kwa mwenzangu. Nikawa mama ntilie. Watu wanakula kwangu, wanalala kwingine.

Siku zile sikuweza kukaa nikatulia. Nikipepeta, jicho liko ng'ambo. Nikisonga ugali, jicho liko ng'ambo, ugali unashika chini. Binti yangu alikuja kunisalimia kutoka Vwawa, akaniambia, "Mama, ni ndege tu." Nikamwambia, wewe mume wako ana mke mmoja, nyamaza.

Huku kwetu ukinunua kuku mnadani, humwachii siku ile ile, maana atarudi alikotoka. Unamfunga mguu kwenye mguu wa kitanda siku tatu, unampa maji na punje hapo hapo, mpaka azoee nyumba. Siku ya nne ukimwachia, jioni anarudi mwenyewe. Nimefanya hivyo tangu niolewe na sijapoteza kuku. Nikaona dawa ya kasuku ni hiyo hiyo. Nikachomoa uzi kwenye kiroba cha mbolea, ule mweupe, mwembamba, usiokatika, nikamfunga mguu wa kulia kwenye mguu wa kigoda. Nikamwekea maji. Nikamwambia, utazoea.

Kuku akifungwa hukaa chini. Kasuku si kuku. Nilirudi kutoka shambani siku ya pili, jua likiwa utosini, nikamkuta amezunguka kigoda mpaka uzi umekwisha, amelala ubavu, anahema mdomo wazi. Uzi ulikuwa umezama ndani ya mguu. Mguu wenyewe ni mwembamba kama njiti ya kiberiti, na hapo juu ya vidole ulikuwa umevimba kama harage lililolowekwa. Damu kidogo ilikuwa imekauka kwenye kucha.

Nikachukua wembe. Macho yangu yana ukungu tangu zamani, nikauona mguu mmoja kama miwili. Nikauweka wembe chini kabla sijafanya kubwa zaidi. Nikampigia simu bwana mifugo, akacheka kwanza. "Bibi, kasuku? Mimi natibu ng'ombe." Alipomaliza kucheka akaniambia uzi utoke leo hii, mguu uoshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, nisipake mafuta ya taa wala majivu, na ndege akae ndani ya boksi asiruke siku kama kumi, nimwekee kijiti kilichozungushiwa kitambaa laini.

"Una mtu mwenye mkono mwepesi hapo nyumbani?"

Ninaye, nikamjibu. Sikumwambia kwamba ningetamani awe mtu mwingine yeyote.

Maana mkono wa mwenzangu kwa kutoa funza ulijulikana kijiji kizima. Watoto wangu wote walipelekwa kwake. Anaingiza sindano, mtoto anaendelea kula muwa, funza anatoka mzima na mfuko wake. Hata mume, miguu yake ilikwenda kule. Mimi nilimpikia, nikamfulia, nikamzalia, lakini vidole vyake vya miguu alikuwa akimpelekea yeye, na niliwaona mara nyingi, mguu wa mzee mapajani mwa mwenzangu, wanazungumza taratibu mambo nisiyoyasikia.

Nikasimama katikati ya uwanja.

"Mdogo, lete sindano yako ya funza."

"Nani ana funza, dada?"

"Hakuna mwenye funza. Njoo."

Akaja. Akamwona pale chini, akauona uzi, akakiona kigoda. Hakuniuliza kitu. Angeniuliza, ningepata pa kumgombeza. Alikwenda kuchemsha sindano na wembe, akarudi, akakaa chini akanyoosha miguu, ndipo aliposema, "Umemfunga kama kuku."

"Nimemfunga kama wangu."

"Haya, mshike. Mfunike kichwa kwa kitenge, asinione."

"Kwa nini asikuone? Si anakupenda?"

"Nitamuumiza. Sitaki anijue kwa maumivu."

"Kwa hiyo mimi ndiye anijue?"

"Wewe ameshakujua, dada."

Maneno hayo aliyasema bila ubaya, macho yako kwenye mguu. Nikamshika ndege. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye viganja vyangu mbio mbio, nikaogopa kumbana, nikaogopa kumlegeza. Mwenzangu akainyanyua nyama kwa ncha ya sindano, nywele kwa nywele, akapitisha kona ya wembe chini ya uzi. Kasuku akapata kidole gumba changu kupitia kitenge akaking'ata, hakukiachia. Sikupiga kelele. Mimi, ninayepiga kelele kwa moshi tu. Uzi ukatoka vipande vitatu, mwenzangu akavipanga juu ya kanga yake akavihesabu, kisha akauosha mguu.

Ndege alikaa kwangu. Hilo nilisema mapema, kabla mwenzangu hajafungua mdomo. Nikamweka ndani ya boksi la sabuni, kijiti chini kabisa, kitambaa laini, maji karibu. Asubuhi na jioni nikamwosha mguu. Uvimbe ukaanza kushuka. Lakini hakula. Nikampa mahindi mabichi niliyoyatafuna mwenyewe, akageuka. Nikapika uji wa ulezi, ule ule wa ukinda wake, nikamwekea kwenye ncha ya kijiko, akauficha uso kwenye pembe ya boksi na kuniachia mgongo. Siku mbili. Kifua kikawa kama kisu. Na mwenzangu akikohoa kule kwake, huyu huku anainua kichwa.

Niliona wazi nilichoshika. Mguu unapona mikononi mwangu na mwenye mguu anakufa. Nikalibeba boksi. Hatua ishirini zile nimezivuka maisha yangu yote, kuazima ungo, kupeleka msiba, kumtafuta mume. Siku hiyo zilinichosha kuliko kupanda mlima na mzigo wa kuni.

"Kaa naye mpaka ale," nikamwambia. "Akila namchukua."

Alikula kabla sijakaa. Mwenzangu alitafuna punje, akaitoa kwenye midomo, na kasuku akaichukua hapo hapo kwenye midomo yake, taratibu, kama anaogopa kumkwaruza. Nikasema nimesahau sufuria motoni. Sikuwa na sufuria motoni.

Hakurudi kwangu siku ile, wala iliyofuata. Nani angemtoa mgonjwa pale anapokula? Nikawa naenda mimi. Asubuhi nakwenda kuomba chumvi, nachungulia boksi. Saa nne nakwenda kuomba kiberiti, nachungulia. Natoa amri: maji hayo ni ya moto, kitambaa hicho kimelowa, kijiti kishushe.

"Dada," akaniambia siku moja bila kuinua macho kwenye kufuma, "leo umechukua chumvi mara nne. Umechinja ng'ombe?"

"Nina wageni."

"Wako wapi?"

"Wanakuja."

Mabega yakatikisika. Na kasuku akiniona alijifutua manyoya, akakaza kidole kimoja kimoja kwenye kijiti, akarudi nyuma. Nikitoka tu, nasikia mluzi. Niliusikia mluzi ule nikiwa napepeta, nikiwa nakoga, nikiwa nasali. Nilimwomba Mungu amponye haraka, na katika sala hiyo hiyo nikamwomba mwenzangu apatwe na safari.

Siku ya kumi na moja asubuhi, niko nje napepeta ulezi, nikamwona anavuka uwanja. Mkono mbele, kasuku kidoleni. Alikuwa amemnyunyizia maji, amekauka, manyoya yanang'aa, manjano ya begani yamewaka. Mguu wa kulia umeshika kidole sawasawa na wa kushoto, usingejua upi ulifungwa.

"Dada, nimekuletea mtoto wako. Amepona. Mshike."

Sauti ile ile. Miaka ya zamu, jioni ya Jumamosi, alikuwa akimsindikiza mume mpaka mlangoni kwangu, shati limepigwa pasi na yeye, mwili unanukia sabuni yake, ananiambia, "Dada, nimekuletea mzee." Kwa wema, si kwa dharau, na wema wenyewe ndio ulionichoma. Nami nilimpokea. Kila Jumamosi nilimpokea, nikamvua shati lenye mikunjo ya mkono mwingine, nikampa chakula. Sikumbuki hata Jumamosi moja aliyovuka uwanja ule peke yake, mbio, kwa hamu.

Nikaweka ungo chini.

"Mkononi mwako simpokei. Akinitaka, mabawa anayo."

Akadhani natania. Akanisogelea mpaka kasuku akawa usawa wa kifua changu. Ndege akaniangalia kwa jicho moja, akageuza kichwa, akaniangalia kwa la pili. Mkono wangu wenyewe ulitaka kunyanyuka, niliubana kwapani.

"Dada, acha utoto. Nyoosha mkono tu, atapanda."

"Mkononi mwako simpokei. Akinitaka, mabawa anayo."