Marashi Ndani ya Kinanda

Mafundi wawili wa Ukunda walikuwa wameshamwambia Mzee Abdurahman kwamba kinanda chake cha umeme kimekufa, akanunue kipya. Twaiba, fundi wa tatu, maneno hayo yalimkera. Siku hizi mtu akiona uvivu wa kufungua skrubu, husema kitu kimekufa.

"Shikamoo, babu. Kinaumwa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Upande wa kulia umekuwa bubu. Na Jumamosi mjukuu wangu Hasina anaolewa, kule Msambweni. Nilimuahidi nitampigia mwenyewe."

"Na kipya hukitaki?"

"Kipya hakinijui."

Twaiba akacheka, akakifungua. Alianza kwa kupima umeme, ulikuwa sawa. Vitufe vya kushoto vililia kwa ile sauti nene ya vinanda vya zamani. Vya kulia, kimya. Bodi ingekuwa imeungua, aliwaza, kimya kisingechagua upande. Akaung'oa mpira ulio chini ya vitufe. Vidonge vyeusi vinavyogusa bodi kitufe kikibonyezwa vilikuwa vimeshika utando mkavu, wa rangi ya chai. Akaunusa. Waridi.

"Babu, nani alikuwa akisimama kuliani kwako?"

"Marehemu bibi yako, Mwanafatuma." Kila harusi aliyopiga, mkewe alipita na mrashi akiwanyunyizia wageni marashi, na akifika kwake, kinanda nacho kilipata fungu lake. "Alisema nacho kimealikwa."

"Nawe hukumkataza?"

"Wewe ungemkataza?"

Twaiba alichovya pamba kwenye spiriti, akasafisha kidonge kimoja kimoja, polepole, kama anayemwosha mtoto masikio. Alipokiunga tena, vitufe vyote viliitika. Mzee akapiga, akatabasamu, kisha akainama akanusa. Spiriti tupu.

"Nisamehe, babu," alisema Twaiba. "Lakini marashi tena, hapana."

Jumamosi Twaiba alikwenda harusini. Mama yake Hasina alikuja na mrashi uleule wa mamake Mwanafatuma, akasimama kuliani kwa mzee, akauinua. Mzee akamtupia Twaiba jicho. Akaondoa mikono kwenye kinanda, akageuka, akaikinga mbali nacho. Marashi yakadondoka viganjani. Akajipaka usoni, akafumba macho kidogo, kisha akapangusa vidole kwenye kanzu, kimoja baada ya kingine, fundi wake akiona.

Ndipo akaanza kupiga, akianzia kulia.